Bandari ya Tanga: maswali ya mkutano uliopita yamejibiwa wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako, najua barua ndefu mnazikata ila hii kama ni lazima kukata basi kateni mwishoni msikate katikati. Nataka kuongelea bandari yetu ya Tanga, na sijaja kulalamika tu, maana najua wazee wa mji huu tuna sifa hiyo ya kukaa barazani tukalalamikia kila kitu mpaka mvua.

Mimi nilikuwa kuli. Silionei aibu hilo neno, ndo lililosomesha watoto wangu. Nimefanya kazi ya matishari miaka mingi, nimeingia kijana sijaoa nimetoka nina wajukuu, na vijana wa sasa wakiona meli imefunga gatini inashusha mzigo wanadhani ndivyo ilivyokuwa siku zote. Haikuwa hivyo hata kidogo. Gati lilikuwepo lakini maji yake mafupi, mita tatu hivi, meli kubwa ikisogea pale inakaa kwenye tope, kwahiyo meli ilikuwa inatia nanga kule nje, nangani, kilomita 1.7 kutoka gatini, na sisi ndo tunaifuata. Tishari kwa asiyelijua ni kama sanduku kubwa la chuma linaloelea, halina injini, linavutwa na tagi, ile boti ndogo yenye nguvu. Mzigo unapakiwa kwenye tishari, tishari linavutwa mpaka ubavuni mwa meli, winchi ya meli inanyanyua slingi moja moja, yaani fungu la mzigo lililofungwa kamba, na mzigo wa kuja nchi kavu ni hivyohivyo kinyume chake. Yaani kila gunia linashikwa mara mbili, na mwenye mzigo analipia mara mbili.

Robota moja la mkonge ni kilo 250. Sasa fikiria usiku, kusi, ule upepo wa kusini, limechachamaa, tishari linapanda na kushuka, meli nayo inacheza kivyake, ndoano inashuka kutoka juu na wewe uko chini unaisubiri uikamate uifunge, mkono mmoja umeshika kamba mkono mwingine unaomba Mungu. Rafiki yangu mmoja aliacha vidole viwili kulekule na hadithi ya fidia yake nikiianza hapa hatumalizi leo. Mvua ikinyesha kazi inasimama, hachi, yaani milango ya tumbo la meli, zinafungwa, turubai zinavutwa, meli inakaa inasubiri na kila siku inayokaa kuna mtu anailipia. Tulikuwa tunataniana kwamba huu mji ni waja leo waondoka leo, ila meli ni waja leo waondoka wiki ijayo.

Ndo maana waliposema wanachimba kina na kujenga gati mpya mimi niliunga mkono, na nilikuwa najua vizuri kabisa kwamba gati likikamilika kazi ya nangani imekwisha na mimi nimekwisha nayo. Vijana wangu walinishangaa. Lakini mtu aliyebeba mzigo juu ya maji yanayocheza hawezi kusimama mbele za watu akatetea ile kazi iendelee, labda awe hajawahi kuifanya.

Mradi wenyewe wengi wameusikia kwenye taarifa za habari. Ulianza 2019, awamu ya kwanza ilikuwa kuchimba lango na sehemu ya kugeuzia meli mpaka kina cha mita 13, ikagharimu shilingi bilioni 172.3, awamu ya pili ikawa gati mbili zenye urefu wa mita 450 kwa bilioni 256.8, jumla bilioni 429.1. Uwezo wa bandari ukatajwa kwamba unatoka tani 750,000 kwa mwaka kwenda tani milioni 3, na meli iliyokuwa inahudumiwa siku tano sasa inahudumiwa siku mbili. Hizo ni hesabu za bandari wenyewe na mimi sina ugomvi nazo, siku za meli nilikuwa nazihesabu kwa mgongo wangu na naona kabisa zimepungua. Siku hizi mpaka meli za magari zinakuja, watu wanasimama Raskazone wanapiga picha.

Sasa hoja yangu ndo hii. Kuna kitu kinaitwa ushirikishwaji. Kila mtu analitaja hilo neno siku hizi, ukienda ofisi yoyote utalikuta ukutani, na kwa kweli mikutano inaitishwa, nisiseme uongo. Mimi mwenyewe nimehudhuria mitatu. Ofisi zilizoitisha sizitaji, maana nia yangu sio kumchoma mtu, na ukiangalia vizuri wote wanafanya mambo kwa namna ileile. Unafika unaandika jina, unapewa maji ya chupa na kofia, kuna projekta, kuna mtu anaonyesha picha za kreni, anasema uwekezaji, anasema fursa, alafu saa saba kasoro, watu wana njaa, ndo anasema sasa tunakaribisha maswali kutoka kwa wananchi, machache tu kwa sababu ya muda. Watu wananyoosha mikono. Maswali yanaandikwa. Mwenyekiti anasema tumeyapokea, yatafanyiwa kazi. Tunakula, tunasaini posho ya nauli, tunaondoka.

Mkutano unaofuata, miezi mingine huko mbele, ni projekta ileile na kreni zilezile, maswali yanaanza upya. Yaleyale! Na wenye kuuliza ni walewale, mpaka yule mama anayeuza samaki nilishamjua kwa sauti, akianza tu mimi namalizia. Hakuna aliyewahi kusimama mwanzo wa mkutano akasema jamani mara ya mwisho mliuliza mambo kumi na moja, haya ndo majibu, hili tumefanya, hili haliwezekani kwa sababu hizi, hili sio letu ni la halmashauri.

Kumi na moja sikulitoa hewani. Nilikuwa na daftari. Tabia hiyo nimeirithi kwa yule tali klaki, karani wa kuhesabu mzigo, aliyenifundisha kazi, alikuwa anasema mzigo usioandikwa haukuwepo.

Naomba nikae kidogo kwenye suala la wavuvi kwa sababu hapo ndipo naona tunakosea zaidi, na hata sisi watu wa bandari tulikuwa tunawadharau wavuvi, tunawaona wanatuzibia njia na vidau vyao. Ghuba ya Tanga sio kubwa. Ndani yake kuna lango la meli, kuna sehemu ya kutia nanga, kuna kisiwa cha Toten, kuna mito ya Zigi na Mkulumuzi inayoleta tope lake kila masika, na ng'ambo kule Chongoleani ndipo linapoishia bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima Uganda, kilomita 1,443, jiwe la msingi waliliweka 2017. Mafuta yakianza kutiririka zinakuja meli za mafuta, na meli ya mafuta haikaribiwi na ngalawa, hilo hata mimi nalikubali, usalama ni usalama. Lakini ukichora mistari yote hiyo kwenye ramani, mwenye mtumbwi na madema manne, mitego ya samaki, anabaki na wapi? Mwenye boti ya injini atatoka nje ya miamba akavue mbali. Mwenye mtumbwi wa kupiga kafi anategemea majani ya bahari na miamba ya karibu, pale pale ambapo maji yanachafuka mkichimba, na siku za kusi hawezi kutoka nje hata akitaka.

Na kuchimba hakuishi. Hili watu wengi hawalijui, wanadhani kina kikishachimbwa kimechimbwa. Mito inamwaga tope, bamvua zinasukuma mchanga, baada ya miaka kadhaa lazima dreja, ile meli ya kuchimba, irudi kusafisha ile njia, kwahiyo swali la tope linakwenda kumwagwa wapi na mwezi gani litarudi tena na tena, ni sawa na kufagia uwanja wenye mwembe. Sasa kama ni hivyo si ni vizuri mkajua kwa wavuvi kabisa samaki wanazaa wapi na lini, maji yanapita upande gani kaskazi na upande gani kusi, kabla dreja haijaagizwa?

Kuna mtu atasema mvuvi anajua nini kuhusu mambo ya kitaalamu. Namkumbusha silikanti. Yule samaki wa kale ambaye wataalamu wa dunia nzima waliamini ameshatoweka zamani za zamani, mpaka alipopatikana mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Hapa kwetu kuanzia miaka ya 2000 mwanzoni wavuvi wa jarife, nyavu zenye macho makubwa, wakaanza kuwatoa, huku kusini ya mji, na ndipo wataalamu wakaja mbio na vifaa vyao, na mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, ya Tanga. Walipata habari kutoka wapi? Kwenye nyavu za watu wanaopewa kofia kwenye mikutano. Na ndo maana wazo la kujenga bandari nyingine Mwambani lilileta mvutano mkubwa, kwa sababu ni maeneo hayohayo. Kwahiyo mkisema wavuvi hawana utaalamu, mmoja kati ya samaki wanaojulikana zaidi duniani anawasuta.

Wanachoomba wavuvi wenyewe, mimi nimekaa nao kwenye mialo ya Deep Sea na Sahare wanakoshushia samaki, ni kitu kidogo mpaka unashangaa. Wanataka kujua meli gani inaingia saa ngapi. Basi. Nyavu zinategwa usiku, meli inaingia alfajiri na rubani wa bandari anayeiongoza wakati maji yamejaa, wavu unakatika, na wavu sio kitu cha kununua kila wiki. Ratiba ya meli ipo, mawakala wa meli wanayo, wanaipata kila siku. Matangazo ya tahadhari kwa vyombo vya baharini nayo yapo ila yameandikwa kwa Kiingereza cha kinahodha na yanasomwa na watu wenye redio. Huyu wa mtumbwi redio hana lakini simu anayo, WhatsApp anayo, kutwa anatumiwa video za mpira. Kila mwalo una kikundi chake cha BMU, kile cha wavuvi cha kusimamia uvuvi, chenye mwenyekiti na katibu. Meseji moja jioni, kwa Kiswahili, meli inaingia saa kumi na moja alfajiri toeni nyavu njiani, inagharimu nini? Hili lilikuwa swali namba nne kwenye daftari langu, liliulizwa mikutano yote mitatu.

La ajira nalisema kwa kifupi maana hapa najua nitagombana na watu. Vijana wetu wanasema kazi wanapewa watu wa nje, na wanataka iandikwe kwamba bandari ya Tanga ni kwa watoto wa Tanga. Mimi siliungi mkono hilo. Bandari ni ya nchi nzima, na sisi wenyewe tuliobeba mzigo pale nusu yetu baba zetu walikuja kukata mkonge kutoka huko bara na nje ya nchi, ukianza kuulizana mwenyeji nani mji huu utabaki mtupu. Ila kuna ukweli mmoja ndani yake. Gengi letu lilikuwa na watu wengi, sasa hivi kreni inafanya kazi ya gengi zima na inamtaka mtu mmoja aliyesomea. Chuo cha Bandari kiko Dar es Salaam. Mtoto wa Ngamiani ambaye baba yake alikuwa kibarua anaweza kukodi chumba Dar mwaka mzima akasomee kreni na foklifti? Hapa hapa Tanga VETA ipo. Walete mafunzo mafupi, hata ya wiki kadhaa kila muhula, mashine ziko bandarini, wakufunzi wapo, alafu ajira itolewe kwa ushindani na anayeshindwa ashindwe. Hapo hata mimi nitawanyamazisha vijana.

Na hao wanaobaki kuwa vibarua wapewe karatasi. Siku hizi vibarua wanaletwa na kampuni za kati, leo ipo kesho imebadilisha jina, ukiumia unamtafuta aliyekuajiri humwoni. Orodha ya vibarua wa kila shifti ibandikwe getini, jina na kampuni iliyomleta. Swali namba saba.

Malori nayo, jamani, malori. Biashara ikikua malori yanaongezeka na hilo ni jambo zuri, lakini kama hayana sehemu ya kusubiria yatasubiri pembeni ya barabara, mbele ya shule na mbele ya zahanati. Mpango wa maegesho ungetangulia meli. Nimemaliza hapo.

Maana nataka kusema neno kuhusu hii biashara yenyewe inayokua, kwa sababu naona kuna furaha fulani kama vile gati likijengwa mzigo unaota. Wazee wenzangu wanakumbuka. Wajerumani walianza reli kutoka hapa 1893, ikafika Moshi 1911, kwa sababu kulikuwa na mzigo huko juu. Mwaka huohuo 1893 Mjerumani mmoja, Hindorf, alileta miche ya mkonge, wanasema aliagiza elfu moja ikafika hai 62 tu, na hiyo 62 ndo ikazaa mashamba yote ya Muheza, Korogwe na kwingineko. Mwaka 1964 nchi hii ilizalisha kama tani 230,000 za mkonge. Alafu kamba za plastiki zikaja, bei ikaanguka, mashamba yakachoka, na bandari ya Tanga ikachoka nayo. Niliyaona kwa macho yangu matishari yamefungwa wiki nzima hayana kazi, kutu inakula, na sisi tunacheza bao getini. Gati halikuwa limevunjika wala tagi haikuwa imeharibika. Mzigo ndo haukuwepo.

Kina cha mita 13 hakioteshi mkonge. Kinaleta meli, na meli ikileta mzigo inataka kuondoka na mzigo, ikiona inaondoka na makontena matupu kila safari itahesabu hela yake itapita moja kwa moja kwenda kwingine. Sasa hivi faida yetu ipo kwenye kuingiza zaidi, mafuta ya petroli na dizeli ya mikoa ya kaskazini yanashuka hapa, ndo maana EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, wakitangaza bei kila mwezi Tanga inatajwa peke yake pembeni ya Dar es Salaam na Mtwara. Lakini kahawa ya Kilimanjaro, maua na mboga za Arusha, mkonge wetu wenyewe unaofufuka, viungo vya Amani na Muheza, hivyo vyote vina njia zaidi ya moja ya kutokea, kuna Dar na kuna Mombasa, na mwenye mzigo hana mapenzi na mji, anaangalia siku na gharama. Arusha mpaka hapa ni karibu zaidi kuliko Arusha mpaka Dar, reli ipo, ya zamani ila ipo. Mwenye kahawa akija akakuta karatasi zake zinazunguka meza sita, atarudi alikotoka, na akirudi hatangazi, anaondoka kimyakimya tu unashangaa mzigo umepungua.

Na huyo naye hayupo kwenye mikutano. Nimeangalia sana. Anaalikwa mkubwa wa chama fulani, anakaa mbele, anapiga picha. Mkulima wa mkonge mwenye heka zake kumi pale Korogwe, dereva wa lori, karani wa forodha anayejua meza gani inachelewesha, hao hawaitwi. Ukimwita karani mmoja wa forodha ukamfungia chumbani saa moja na kikombe cha kahawa atakwambia ukweli ambao hizo projekta zote hazina.

Najua watu wa bandari wakisoma hapa watasema mzee anaturushia sisi kila kitu. Siwarushii. Barabara ni ya wengine, leseni za uvuvi ni za wengine, forodha ni ya TRA, ardhi ni ya halmashauri, hayo yote nayafahamu. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka wananchi washirikishwe kwenye tathmini ya mradi, kwahiyo kisheria pengine kila kitu kimetimizwa, sahihi zetu zipo, tulisaini wenyewe na mimi mmojawapo. Lakini sahihi ya kupokea maji ya chupa imegeuka kuwa sahihi ya kukubali mradi, na hapo ndipo mtu mzima unajisikia umefanywa mtoto.

Kwahiyo ombi langu ni moja tu na halihitaji bajeti. Mkutano ujao, yeyote atakayeuitisha, ajenda namba moja iwe majibu ya maswali ya mkutano uliopita. Sala sawa, msali kwanza, lakini majibu yaje kabla ya projekta. Yasomwe kwa sauti, moja baada ya jingine, na aliyeuliza kama yupo asimame aseme amejibiwa au hajajibiwa. Jibu likiwa hapana, semeni hapana, watu wa pwani tunaijua hapana, tulikuwa tunaambiwa hapana kila siku getini, leo hakuna kazi rudi kesho, na tulikuwa tunarudi kesho. Kinachochosha ni tumeyapokea. Alafu majibu hayo yabandikwe mwaloni Deep Sea, Sahare, getini kwa vibarua, na ofisi za kata, karatasi moja tu, herufi kubwa kwa sababu wengine miwani hatuna.

Mkitaka na posho ya nauli ifuteni. Wengi wetu tunakuja kwa miguu.

Nimeongea na yule mama wa samaki, amesema safari hii akiitwa hanyooshi mkono mpaka asikie jibu la swali lake la kwanza, lile la choo na maji safi pale mwaloni. Mimi nitakuwa nimekaa pembeni yake na daftari. Kopi ya maswali yote kumi na moja naiambatanisha na barua hii Mhariri, ni kurasa mbili, mwandiko mbaya kidogo ila unasomeka, mkikosa nafasi ya kuchapa yote chapeni la nne peke yake, kaskazi lililopita watu wawili walipoteza nyavu kwenye njia ya meli na kusi linakaribia.

Kuli mstaafu,
Chumbageni, Tanga